Siku Bi Siwatu Alipovaliwa

Bi Siwatu alikutana na uso wake mwenyewe ukivuka barabara, umetanda juu ya kitambi cha muuza mkaa. Ulikuwa na macho yake, na kilemba chake cha ujanani, na lile baka jeusi la kuzaliwa shavuni, la ukubwa wa punje ya mtama. Muuza mkaa alipocheka, uso ulitanuka. Alipoinama kuokota kandambili yake iliyomvuka, uso ulikunjamana kama unaotaka kulia. Chini ya uso palichapwa mwaka aliozaliwa, mwaka wa nzige, kikafuata kistari, na baada ya kistari mwaka aliokufa, mwaka wa mafuriko. Na chini ya miaka hiyo, kwa wino mwekundu, neno moja: NIMERIDHIA.

Bi Siwatu akashika ukuta. Alikuwa anatoka kununua dagaa. Mafuriko yalikwisha kupita zamani, na tangu hapo yeye amekula, amelala, ameumwa meno, ameoza binti, na asubuhi hiyo hiyo amegombana na paka. Alijipapasa shingoni kutafuta mshipa, akaupata unapiga. Tena ulipiga kwa fujo hata akaona aibu. Maiti gani huyo mwenye haraka namna ile?

"Baba," alimwita muuza mkaa, "huyo uliyemvaa ni nani?"

Mtu yule alisimama, akavuta fulana kwa vidole viwili ili uso unyooke. "Humjui huyu? Huyu ni Siwatu wa Kisimani, mama. Marehemu. Ndiye aliyeketi mdomoni mwa kisima mpaka waliotaka kukifunga kwa kufuli wakashindwa. Leo anatoa ridhaa."

"Ridhaa ya nini?"

"Ya kufuli. Kisima kinafungwa leo jioni, mwenyewe akisharidhia." Alimtazama juu hadi chini, akakunja uso. "Halafu mama, nimevaa mkubwa mbele yako na hujaniamkia. Ndiyo adabu gani hiyo?"

Bi Siwatu aliuachia mfuko wake. Dagaa zilimwagika zote miguuni pake, na wale paka wa mtaa, wasiovaa mtu yeyote, wakaja mbio.

*

Msomaji asiyeufahamu mji ule atauliza wamerogwa nini. Hawakurogwa. Mji ule hauna jina, au ulikuwa nalo likavaliwa hadi likachakaa, na kila mwaka una Siku ya Kuvaa. Siku hiyo kila mtu hutia mwilini fulana yenye sura ya mkubwa fulani aliyepita, na tangu jua kuchomoza hadi ngoma ya magharibi, aliyevaa sura ndiye mwenye sura. Mtoto aliyevaa mfalme huamkiwa na babu yake, naye huitikia marahaba kwa kiburi chote cha ufalme huku makamasi yanamtoka. Mwizi aliyevaa kadhi hupelekewa kesi akazikata, na wazee husema zile ndizo hukumu zisizo na rushwa. Hakuna anayecheka. Kwa kweli wapo wanaocheka, lakini hucheka kifuani, nyuma ya sura.

Siku hiyo miaka hupotezana. Mfalme wa Chumvi, aliyekufa kabla mji haujajengwa, utamkuta amesimama foleni ya mihogo nyuma ya Jemadari Asiyesinzia, aliyemuua kitukuu wa Mfalme huyo, nao wanaulizana kama pilipili ni kali. Utawakuta Mabinti Wapasuamlima wawili wakizozana bei ya nyanya, muuzaji na mnunuzi, sura ile ile, hasira ile ile, mmoja anamwambia mwenzake huna haya. Wakubwa wa zamani zaidi wamefuliwa mno. Mmoja hana pua. Mwingine amebaki nyusi tu na kofia, na watu huzungumza naye kwa sauti ya chini, kwa kuwa kadiri sura inavyofifia ndivyo inavyoheshimiwa. Jua nalo, siku hiyo, husimama mahali pamoja hata ukadhani limesahau kazi yake.

Sheria ya kuvaa ni nyepesi na haijawahi kubishiwa. Sura moja ni mtu mmoja, hata wakiivaa watu elfu. Wote wakinyanyua mkono, mkubwa amenyanyua mkono. Lakini kama mmoja wao atabaki ameushusha, basi mkubwa hajaamua, kwa sababu hakuna mtu anayekubali kwa mkono huu akakataa kwa huu. Na ipo sheria ya pili, iliyowekwa na mji mzima kwa kiapo siku ile Bi Siwatu alipoinuliwa kutoka mdomoni mwa kisima, midomo imempasuka, miguu imekufa ganzi: kufuli haliingii kisimani mpaka Siwatu mwenyewe aridhie.

Kwa hiyo walimngoja aridhie. Hawakumwuliza hata mara moja. Kwanza walimwalika kwenye sherehe za kisima, akaketi mbele, akapewa soda. Halafu wakamwalika akaketi nyuma. Mwaka wa mafuriko wakaacha kumwalika, na yeye alidhani ni kwa sababu ya matope.

*

Shomari, mchapaji wa fulana, alikuwa anaosha fremu zake kwenye karai wakati kivuli cha Bi Siwatu kilipoingia mlangoni. Aliinua macho. Mpira wa kukamulia wino ukamponyoka, ukaangukia majini, na maji yakawa meusi.

"Umekufa," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Fulana."

"Si umeiandika wewe mwenyewe, Shomari?"

"Nimeiandika mimi, ndiyo." Alijifuta mikono kwenye aproni, akaikuta nyeusi zaidi. "Zilipokuwa fulana mbili tatu nilikuwa na shaka, dada yangu. Nilisema, huyu si nilimwona juzi sokoni akichagua bamia? Zilipojaa gunia nikanyamaza. Magunia yalipofika darini nikakulilia. Wallahi nilikulilia. Muulize mke wangu."

Bi Siwatu aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alitaka kufoka, akajikuta anataka maji. Mbele yake, kwenye kamba, fulana moja ya mwisho ilining'inia, imebaki kwa kuwa mkono wake mmoja ulishonwa kombo, na uso wake ukamtazama kutoka pale bila kupepesa.

Shomari alimtazama yeye, akaitazama fulana. Akamtazama tena. Alikuja karibu hata akasikika anavyopumua, akanyoosha kidole chenye wino bila kugusa.

"Baka lako liko kushoto."

"Liko kushoto tangu nizaliwe."

"Kwenye fulana liko kulia." Alishika kichwa. "Nimelaza karatasi kifudifudi! Picha huchorwa kwenye karatasi angavu, unailaza juu ya kitambaa cha fremu chenye dawa, unaanika juani. Ukiilaza kifudifudi sura inatoka imegeuka, na macho hayajui, kwa sababu uso ni uso. Maneno nilikuwa nayo kwenye fremu yake peke yake, ya wino mwekundu, ndiyo maana yamesimama sawa. Magunia yote yale! Na hakuna mtu aliyesema. Hata mmoja. Hata wewe hukusema ulipoiona."

Na hapo ndipo Bi Siwatu aliposhtuka kuliko alivyoshtuka barabarani.

Kwa sababu ni kweli. Aliiona akajitambua papo hapo, bila wasiwasi, kama mtu anavyotambua mlango wa kwao. Na aliutambua kwa kuwa tangu utotoni aliujua uso wake kwa kioo tu, na kioo humpa mtu uso uliogeuzwa. Uso ule wa kiooni haukuwahi kuonwa na kiumbe mwingine: si marehemu mumewe, si binti yake, si wale waliomrushia mawe pale kisimani. Ulikuwa siri yake na kipande cha kioo kilichotundikwa jikoni kwa msumari. Wote wengine, waliomtazama ana kwa ana miaka nenda miaka rudi, ndio waliopaswa kuiona fulana wakaruka, wakasema, la, huyu siye, lake liko upande huu. Hawakuruka. Walivaa. Sasa je, hawakuwahi kumtazama? Au walimtazama wakamjua, kisha fulana ikaja ikawafuta macho? Na kama uso aliouficha kiooni unaweza kutoka nje bila yeye, ukavaliwa, ukaloa jasho la watu, ukatoa ridhaa ya jambo kubwa, basi yeye aliyebaki ameketi kwenye ndoo ni nini? Ni kioo? Ni msumari?

"Vaa hii," Shomari alisema, akiichukua ile ya mwisho kwenye kamba. "Ukiivaa utahesabiwa. Utakuwemo ndani ya Siwatu. Wakisema nyanyueni, wewe shusha."

Bi Siwatu aliipokea, akaifungua mapajani. Neno jekundu lilimkodolea macho. Alilikwaruza kwa ukucha.

"Neno hili linatoka?"

"Halitoki. Wino umeshaiva."

"Basi nikiivaa nimeshalisema, kabla hata sijafika uwanjani. Nitasimama pale nimeshusha mkono, na kifua changu kinapiga kelele. Watu watasikiliza kipi?"

Shomari alijifuta tena mikono. Alikuwa mtu mwema, wa wema ule unaokaa kimya mpaka gunia lijae.

"Na picha," Bi Siwatu aliuliza, akimrudishia fulana. "Picha hii nilipigwa harusini kwangu. Iko nyumbani, ndani ya sanduku, na sijaitazama tangu siku hiyo. Nani alikuletea?"

Shomari aliinama akaanza kutafuta mpira wake ndani ya maji meusi. Alitafuta kwa muda mrefu kitu alichokuwa anakiona.

"Shomari."

"Zaituni," alisema. "Binti yako."

*

Njia ya kwenda uwanjani. Miguu inakwenda. Nani anaituma?

Zaituni. Niliyemtoa tumboni. Niliyemtia maji ya kisima kile mdomoni kwa pamba, kabla ya maziwa.

Huyo hapo Siwatu anauza mchicha. Huyo Siwatu wa pili anajikuna. Siwatu yule anamlaza mwanawe bega la kushoto, na mtoto anautafuna uso wangu, analowesha jicho. Shikamoo, wananiambia, maana yake nitoe. Sitoi. Wananiangalia kwa huruma, kikongwe asiye na fulana, hana mtu.

Je, ni kweli niliridhia? Labda niliridhia siku nilipopokea soda. Labda mtu huridhia kidogo kidogo, kwa kutouliza, na wino hufika baadaye tu kuchapa kilichokwisha kuwapo. Mwaka wa mafuriko sikwenda kisimani. Nilisema ni matope. Walioandika kwamba mwaka ule nilikufa, je, waliona kitu ambacho mimi sikukiona?

La. Mshipa unapiga. Nilikuwa nimenyamaza, na kunyamaza si kufa. Hata jiwe limenyamaza na hakuna aliyelizika.

Lakini mbona wote ni mimi, na ni mimi peke yangu ninayeogopa?

*

Uwanja ulikuwa umejaa Siwatu. Walisimama bega kwa bega kuzunguka kisima, wanaume kwa wanawake, wembamba wakiwa na Siwatu mwembamba na wanene wakiwa na Siwatu aliyenona, na upepo ulipopita nyuso zote zilipumua pamoja. Juu ya ukingo wa kisima alisimama Bwana Fikirini, mtunza sura wa mji. Yeye ndiye anayeamua nani amekuwa mkubwa na nani bado. Mikononi alikuwa na kufuli kubwa lililopakwa mafuta. Fulana yake ilikuwa nyeupe, haina mtu, haina neno, na katika uwanja ule wote hakuna kitu kilichotisha kama weupe ule.

"Siwatu wa Kisimani!" aliita. "Umekuja?"

"Nimekuja!" uwanja ukajibu.

Bi Siwatu naye alijibu. Sauti yake ilizama kama tone ndani ya mtungi. Akaanza kupenya. Aliwasukuma Siwatu, akawakanyaga Siwatu, akaomba radhi kwa Siwatu, hadi kamba iliyozungushiwa kisima ikamzuia, na mlinzi wa kamba, mwanamke mpana mwenye sauti ya kiume, akamuuliza kama wanavyoulizwa wote.

"Bibi, umevaa nani?"

"Sijavaa mtu."

"Basi bado hujafika."

"Mimi ndiye Siwatu!"

Alipiga kelele kwa koo lote, na safari hii alisikika. Vichwa viligeuka. Bwana Fikirini alishuka ukingoni taratibu, bila kuudhika, akaja hadi kwenye kamba akamtazama kwa adabu kabisa. Kisha akamvuta mbele Siwatu mmoja wa karibu, akasimamisha nyuso mbili kando kwa kando, wa ngozi na wa pamba.

"Umefanana naye sana, mama," alisema ili wote wasikie. "Hongera. Lakini mwenzio baka lake liko kulia."

Uwanja ulicheka. Haukuwa ubaya, walicheka kama anavyochekwa mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Na chini ya kicheko kile Bwana Fikirini aliinamisha kichwa, akamnong'oneza sikioni.

"Ninakujua, Bi Siwatu. Nilikuwa mtoto, nilikuletea maji ukiwa umekaa pale. Nenda nyumbani ukapumzike. Siku ukifa kweli tutakuzika vizuri sana."

Bi Siwatu alirudi nyuma hatua moja. Alikuja tayari kupambana na watu wasiojua. Kumbe huyu alijua. Alijua, na kujua kwake hakukumzuia kitu, kulikaa mfukoni pamoja na ufunguo. Hapo ndipo alipotaka kukaa chini, pale pale vumbini, awaachie wafunge, wavae, warithi.

Akainua macho. Siwatu aliyevutwa mbele kwa kulinganishwa alikuwa Zaituni.

Binti yake alikuwa ametazama chini. Fulana ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya kukunjwa, na juu ya mabega ametupia kanga.

"Zaituni."

"Mama, usinianzie hapa," Zaituni alisema kwa sauti ya chini, ya haraka. "Walinifuata wao. Walisema watakufanya mkubwa. Umekaa jikoni miaka yote hii, hakuna anayekujua, watoto wa mtaani wanakuita bibi wa paka. Nilitaka wakuone."

"Na mwaka wa kufa?"

"Walisema aliye hai havaliwi." Alinyoosha mkunjo wa fulana. "Ni kwenye fulana tu, mama."

"Na ridhaa?"

Bwana Fikirini alikwisha kupanda tena ukingoni, ameinua kufuli juu ya kichwa, na kufuli likamulika jua lile lisilosogea.

"Mama yule pale kwenye kamba," alisema kwa upole, "amwamkie mkubwa aliye mbele yake, kisha arudi nyuma, tuendelee. Hatutaki kuvunja adabu siku ya leo."

Bi Siwatu alimtazama mwanawe. Tangu asubuhi alikuwa amewanyima salamu watu wazima na watoto, wauza mkaa na wauza mchicha. Sasa alikunja magoti. Yalilia, kwa kuwa ni magoti ya kale. Aliinama mbele ya binti aliyemzaa, akatamka kwa sauti ya wazi, polepole, mbele ya mji wote:

"Shikamoo."

Neno lile lilikaa hewani likisubiri mwenzake, na katika mji ule salamu ikishatolewa hakuna linalomalizika mpaka iitikiwe. Hata ngoma hailii.

"Itikia," Bwana Fikirini alisema.

Zaituni aliinua macho. Mama mtu alikuwa bado ameinama, uso ameuinua, na baka lilikuwa pale, shavu la kushoto, karibu na pembe ya mdomo. Binti alilijua kwa kidole kabla hajalijua kwa macho. Alipokuwa ananyonya alilishika, akalibonyeza, akalala nalo, na mama akilalamika kwamba mtoto huyu atalinyofoa. Mkono wake uliinuka wenyewe ukataka kwenda pale. Kisha akajitazama kifuani, akamtazama Siwatu wa jirani, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena.

"Liko upande mwingine," alisema. "Mama. Wote liko upande mwingine!"

"Itikia, Siwatu," Bwana Fikirini alisema, na sasa upole ulikuwa umepungua.

Zaituni alivuta kanga ya mabegani akajifunika kuanzia shingoni, ikawa hema dogo linalotikisika. Viwiko vilichomoza huku na huku. Watu waliguna, wakadhani mwanamke ameingiwa na mdudu. Kanga ilipoanguka alikuwa ameivaa fulana ile ile, ndani nje. Mishono ilikuwa juu, nyuzi zinaning'inia. Pamba ilikuwa nyepesi na wino wa Shomari mwingi, ulipenya hadi upande wa pili, na uso ulionekana pale umefifia kidogo, umepoa, kama mtu anayeamka. Baka lilikuwa kushoto. Na chini yake lile neno jekundu lilikuwa limegeuka kinyumenyume, likawa mikwaruzo tu isiyosomeka na mtu yeyote.

Mguno ulianzia kwenye kamba ukatembea hadi mwisho wa uwanja. Watu walimtazama Zaituni, wakamtazama kikongwe aliyeinama, wakarudia. Muuza mkaa, aliyekuwa safu ya pili, alishika kitambi chake kwa mikono miwili kama mtu aliyeibiwa.

"Hiyo haihesabiki," Bwana Fikirini alisema. "Imegeuzwa. Neno halisomeki."

"Sura inasomeka," Zaituni alisema. "Na sheria ni sura, si neno. Uliza unachouliza."

Hakutaka kuuliza. Ilionekana wazi hakutaka. Lakini wakubwa wote wa zamani walikuwa wamekuja kutazama, Mfalme wa Chumvi na mihogo yake mkononi, Jemadari, Mabinti Wapasuamlima, na yule aliyebaki nyusi na kofia, na mtunza sura hawezi kuuvunja mwenyewe utaratibu unaomlisha.

"Siwatu wa Kisimani. Umeridhia?"

Mikono iliinuka. Mingi iliinuka kwa mazoea, mingine nusu, mingine ikainuka ikajikuna kichwani. Ule wa Zaituni ulibaki chini, umeshika pindo la fulana kwa nguvu hadi vidole vikawa vyeupe. Mmoja tu. Kwa sheria yao wenyewe, iliyoandikwa na wao, mmoja ulitosha.

Bwana Fikirini aliuangalia mkono ule. Kisha akashusha kufuli. Mafuta yake yalikuwa yamemchuruzika hadi kwenye kiwiko, yakaacha doa kwenye weupe wa fulana yake, na alilifuta likazidi kusambaa.

Zaituni alipiga magoti vumbini, akawa chini kuliko mama yake.

"Shikamoo, mama."

Bi Siwatu alitaka kujibu haraka akashindwa. Alikuwa na hasira na huyu mtoto, hasira kubwa itakayokaa nyumbani kwao muda mrefu, na alikuwa na furaha iliyomkaba, na vyote viwili vilitaka kupita kwenye koo moja. Alimwekea mkono kichwani.

"Marahaba," alisema. Lilikuwa neno la kwanza siku ile lililokwenda mahali pake.

Ngoma ya magharibi ikalia, na jua, kama lililokumbushwa, likaanza kushuka. Watu wakaanza kuvua wakubwa wao, wakiwakunja kwapani. Bwana Fikirini alipita karibu na Shomari mchapaji, aliyekuwa amejificha nyuma ya umati, akamwambia bila kusimama:

"Mwakani utachapa pande zote mbili."

Shomari alitikisa kichwa kukubali, kama kawaida yake. Kisha akaona Bi Siwatu anamtazama, akaacha.

Bi Siwatu alisogea hadi ukingoni mwa kisima, pale ambapo jiwe bado lilikuwa na kibonde cha makalio yake ya ujanani. Aliinama kutazama chini. Majini kulikuwa na uso, baka liko upande wake wa kioo, wake na wa kisima tu. Alipokunja goti na kuketi kwenye kile kibonde, watu waliokuwa wanaondoka walisimama.

"Mama, tunakwenda nyumbani," Zaituni alisema. "Kumeshakuwa jioni."

"Nenda ukaniletee kanga nzito na chakula cha paka," Bi Siwatu alisema. "Mimi nimefika."